Tutakula kilichopo

Tangu Jumanne kuna maneno yamenikaa rohoni. Nikigeuka upande usiku, yanaamka na mimi. Wiki yenyewe haikuwa ndogo: barua ya posa ya shemeji imepokelewa kule Kasulu, na mimi nimehamishiwa wodi ya wazazi kama nilivyoomba. Lakini leo nataka kuongelea sufuria ya tambi.

Nilitoka zamu jioni, miguu imevimba. Mkaa ulibaki wa kuwasha jiko moja tu, na watoto walikuwa na mtihani asubuhi. Ugali wa muhogo na mboga unataka sufuria mbili na mtu mwenye nguvu za kusonga. Nikaamua kupika tambi, kila kitu humohumo.

Nilipasha mawese mpaka harufu ya ubichi ikaisha, nikakaanga dagaa wakakauka vizuri, nikawatoa. Kwenye mafuta yaleyale nikatia vitunguu, kitunguu saumu, karoti, kisha nyanya nyingi mpaka zikapondeka. Nikavunja tambi nusu kilo, nikamimina maji kama lita moja na nusu na chumvi, nikawa nageuza zisishike chini. Maji hayamwagwi, na hapo ndipo utamu ulipo: wanga wa tambi unabaki ndani, mchuzi unakuwa mzito wenyewe, mwekundu, unang'aa. Dagaa wanarudi mwishoni, wasivurugike. Kwa kweli kilikuwa chakula kizuri.

Tukatandika mkeka. Mama mkwe akaitazama sahani, kisha akatazama mlango wa jikoni.

"Na ugali?"

"Mama, leo ni hizi tambi."

"Haya mwanangu. Tutakula kilichopo."

Akavuta beseni, akanawa. Kijiko nilichomwekea kikabaki palepale, akala kwa mkono, taratibu. Baba watoto akainamia sahani yake kama hakusikia.

Kilichopo! Kana kwamba nyumba haina chakula. Nimeyarudia maneno hayo nikifua, nikiwa kwenye bajaji, hata nikimpima mama mjamzito presha. Alisema kwa upole au kwa kunisuta? Na aliangalia mlango kwanza, au aliuliza kwanza? Kila nikikumbuka sauti yake inabadilika. Na yule aliyekaa katikati yetu, mtoto wake, mume wangu, si angesema neno moja tu, "Mama, mwenzio katoka kazini"?

Alhamisi wifi akapiga simu kutoka Ujiji, nikamwambia. Akacheka mpaka nikakasirika.

"Wifi, mama kasema hivyo maisha yake yote!"

Kumbe enzi mama anauza dagaa Katonga, kwa wavuvi wa Ziwa Tanganyika, mbalamwezi ikiingia mitumbwi ilikuwa haitoki, maana dagaa huvutwa na taa, na taa inafanya kazi gizani. Siku hizo hakuna biashara. Jioni anawawekea watoto viazi vitupu au uji, anasema, "Haya wanangu, tutakula kilichopo," wanaanza kula. Wifi anasema kwao ilikuwa kama bismillah.

Nilikaa na simu mkononi muda mrefu. Nikamwona mama kijana, sinia moja, watoto wamemzunguka, na kifua changu kikalegea. Mume wangu naye alikuwa mmoja wa hao watoto. Labda ndiyo maana hakuona cha kujibu.

Ile "Na ugali?" bado haijanitoka yote, siwezi kudanganya. Lakini kitinda mimba alikomba ule ukoko wa chini kwa vidole, na Jumapili napika tena, nikipata samaki wabichi, wale migebuka, nitawatia. Kijiko mama sitamwekea.

Kinachoninyima usingizi sasa ni shangazi wa Kibirizi. Maji ya ziwa yamefika kwenye msingi wa banda lake la magunia, na kuhama hataki kusikia. Kesho nikitoka zamu naenda na mwanangu mkubwa tuyahamishe hayo magunia, anune asinune.