Siku moja maishani mwangu: kuku wa mayai na jua la Februari, Ahero

Saa kumi na moja alfajiri
Bado giza, lakini hii ndiyo saa ninayoithamini kuliko zote. Hapa uwanda wa Kano, karibu na Kisumu, kuanzia Januari hadi Machi, jua halina huruma. Wengi huanza kuhangaika saa nane mchana, kuku wakishaanza kuhema. Mimi nasema kuku wa saa nane huokolewa alfajiri. Nawasha taa na kuwawekea chakula mapema, kwa sababu chakula kinaposagwa tumboni huzalisha joto kwa saa kadhaa. Wakila sasa, jua likifika utosini joto hilo litakuwa limepungua.

Saa tatu
Tunaokota mayai. Nachukua moja na kulibonyeza taratibu kwa kidole gumba, ganda linabonyea. Mengine yana nyufa nyembamba ambazo huzioni mpaka uyainue kwenye mwanga, na mteja wa Kisumu mjini hayapokei.

Ganda hujengwa kwa takriban saa 20, kwa hiyo yai la leo limebeba joto la jana. Kuku hana tezi za jasho. Akizidiwa na joto, huhema ili unyevu utoke kooni na kwenye njia ya hewa, umpoze. Tatizo ni kwamba akihema sana anatoa kabonidioksidi kupita kiasi, asidi ya damu inashuka, na kalsiamu iliyo huru kwenye damu inapungua pamoja na bikaboneti ya kujengea ganda. Tena huwa hali vizuri, kwa hiyo hata kalsiamu ya kwenye chakula haimfikii. Ndiyo maana nasikitika mtu anapolaumu chakula pekee mayai yakilainika.

Saa nne
Tunaondoa vyombo vya chakula hadi jioni. Kijana aliyeanza kazi juzi ananiuliza, "Mama, si tunawashindisha njaa?"
"La, mwanangu. Njaa ya saa chache hawafi nayo. Joto la saa moja wanakufa nalo."

Maji ndiyo hayaondoki. Bomba lililopita juani linatoa maji moto, na kuku akionja hayo anaacha kunywa wakati anayahitaji zaidi. Kwa hiyo tunamwaga yaliyokaa bombani, tunajaza mapya kutoka kwenye tangi lililo chini ya mwembe, na tunaongeza elektrolaiti, yaani chumvichumvi ambazo mwili huhitaji, na vitamini C.

Saa nane
Kipimajoto cha bandani kinasoma 34. Kuku hustarehe kati ya nyuzi 18 na 24 hivi, na mwili wake wenyewe uko kwenye 41 au 42. Hana nafasi kubwa ya kupanda. Yule aliye karibu nami ametanua mbawa mbali na mbavu, mdomo wazi, koo likitetemeka haraka haraka, kilemba chekundu kabisa kwa damu iliyokimbilia kwenye ngozi kutoa joto.

Tunamwagia maji juu ya mabati. Sakafuni hatumwagi hata tone: maranda yakilowa, amonia inapanda, na unyevu ukizidi hewani kuhema hakumpozi tena. Hapa karibu na Ziwa Viktoria, hilo ni jambo la kuogopa.

Saa tisa
Simu. "Dada, njoo, broila wangu wanaanguka!" Nakimbia kwa jirani, anayefuga broila, yaani kuku wa nyama. Mapazia ya banda yamefungwa yote. Mtu alimshauri azuie vumbi. Hao walikuwa wamebakiza siku chache kuuzwa, na broila wa uzito huo ndio hutangulia kufa, kwa sababu mwili mkubwa unaokua kwa kasi huzalisha joto jingi. Nimempasua mmoja: nyama ya kifua imepauka kama iliyokwisha chemshwa, dalili ya joto.

Watu waliokusanyika wanasema ni kideri, ugonjwa wa kuku unaoletwa na virusi, na mmoja ameshika antibayotiki. Nimeikataa kwa sauti. Antibayotiki haipozi joto, na haitibu hata kideri. Tumefungua mapazia, tumewapa nafasi, tumepita katikati yao polepole ili wainuke na joto lililofungika chini yao litoke. Ni kweli joto hudhoofisha kinga, maana homoni za mfadhaiko zikikaa juu muda mrefu kuku anashindwa kupambana na magonjwa, na hata chanjo haimshiki vizuri. Ndiyo maana nimemwomba aahirishe chanjo aliyopanga kuwapa mchana huu.

Saa kumi na moja jioni
Chakula kinarudi, na juu yake mawe ya chokaa ya punje kubwa, yale ya kulishia kuku, ili wapate kalsiamu. Punje hizo huyeyuka polepole usiku, wakati kazi nyingi ya kujenga ganda inafanyika.

Saa mbili usiku
Jirani amepiga: waliobaki wameanza kula. Kesho saa moja asubuhi tunapanda juu ya banda lake kupaka mabati chokaa nyeupe. Nimemwambia alete ndoo mbili na ngazi ndefu.