Beseni la Bati, Kambi ya Simba

Mama alikubali safari kwa sharti moja, kwamba ataibeba blanketi yake mwenyewe. Kampuni ya Arusha tuliyoilipa ilikuwa imetuapia kwamba kila kitu kimo: hema, godoro, begi la kulalia na chakula. Mama hakuwaamini. Usiku ule ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, zaidi ya meta 2,200 kutoka usawa wa bahari, mwezi Julai, nilitamani na mimi nisingewaamini. Zipu ya begi langu ilikuwa imekatika kuanzia magotini hadi shingoni, na godoro lilikuwa kipande cha sponji kilichochoka. Laki tano kwa kichwa, fedha nilizodunduliza mwaka mzima, halafu mtu unalala umevaa sweta mbili na soksi za mpira!

Bado sijasema ya Lodoare, lango la kuingilia Ngorongoro. Pale dereva alitugeukia kwa upole akasema ada ya gari kushuka kreta haimo kwenye malipo yetu. Walimu watatu wa Arusha tuliokuwa nao gari moja walipiga simu ofisini, wakapigiwa, wakapiga tena. Simu ya mwisho haikupokelewa. Tukachanga. Mama alitoa noti zake kwenye kitenge bila kusema neno, na hilo liliniuma kuliko fedha yenyewe, kwa sababu safari ilikuwa zawadi yangu kwake. Ana miaka 68, ameishi Moshi toka alipoolewa, kila siku magari ya watalii yanampita barabarani, na hajawahi kukanyaga hifadhi hata moja.

Lakini niliyekuja kumwandika ni tembo.

Ilikuwa kama saa tisa usiku. Mama alitoka kwenda chooni, nami nikasikia kandambili zake zikisimama ghafla nje ya hema. Kisha sauti yake, chini kabisa: "Mwanangu, usitoke."

Nilichungulia. Kulikuwa na mbalamwezi. Kwenye tangi la maji la kambi, hatua chache kutoka choo, alisimama tembo dume peke yake, mkonga umeingia juu ya tangi. Sauti ya maji yakivutwa niliisikia hadi tulipo, halafu ukimya, halafu yakimiminwa kinywani. Mzima mmoja anaweza kunywa zaidi ya lita mia kwa siku, na huyu hakuwa na haraka yoyote. Kutoka kwenye mahema ya jirani wageni walikuwa wameanza kutoa simu na kamera. Nilimsikia mama mmoja wa Kizungu akilia kwa furaha.

Mama yangu alikuwa ameinama. Alipoinuka alikuwa ameshika beseni la bati ambalo mpishi wetu alituachia kwa ajili ya maji ya kunawa, na mkono wa pili ulikuwa na kandambili yake, imeinuliwa tayari kupiga.

Sijui mpishi alitokea wapi. "Shikamoo, mama," akamwambia kwa sauti ndogo, kana kwamba wamekutana sokoni. "Naomba usipige. Huyu amefuata maji tu. Akishtuka atapita katikati ya mahema."

"Marahaba. Unamjua wewe?"

"Huwa wanakuja, mama. Akishiba ataondoka."

Mama hakulipiga, wala hakuliweka chini. Alilikumbatia kifuani, na sisi watatu tukasimama nyuma ya gari kwa muda ambao kwangu ulikuwa kama usiku mzima. Baridi ilinitoka kabisa mwilini. Nilichokuwa nakitazama si tembo tena, ni vidole vya mama vilivyoganda kwenye ukingo wa lile beseni. Tembo alipomaliza aliutikisa mkonga, akageuka, akaingia gizani. Mnyama mkubwa namna ile, na sikusikia hata kishindo.

Tuliporudi hemani mama hakulala. Akanisimulia, na nilikuwa sijawahi kuyasikia hayo.

Alizaliwa Rombo, upande wa mashariki wa mlima Kilimanjaro, ambako tembo huvuka kutoka nyika za Kenya. Mahindi yakianza kukomaa, watoto walilala kwenye vibanda shambani pamoja na babu yangu, na kazi yao ilikuwa kupiga madebe na kuwasha mienge ya majani makavu ya migomba. Akiwa na miaka 12, tembo watatu waliingia usiku wa mvua, mienge ikagoma kuwaka. Walimaliza mahindi, wakaiangusha na migomba ya nyuma ya nyumba. Ada ya shule ilikuwa itoke kwenye yale mahindi.

Maisha yangu yote nimejua kwamba mama aliishia darasa la tano kwa sababu "ada ilikosekana". Ndivyo alivyosema siku zote, nami nilidhani ni umaskini tu, kama wa watu wote wa wakati ule.

"Nilipiga debe mpaka mikono ikatoka damu," akasema. "Leo naambiwa nisimshtue."

Kesho yake tulishuka kreta asubuhi. Tuliona simba, nyati, viboko, na mbali sana kifaru ambaye dereva aliapa ni kifaru. Tukila chakula cha mchana kando ya bwawa la Ngoitokitok, mwewe alimpokonya mwalimu mmoja paja la kuku mkononi. Mama alicheka hadi machozi. Kwenye msitu wa Lerai palikuwa na dume lenye pembe ndefu karibu zifike chini, likibandua magome ya migunga. Mama aliomba gari lisimame, akasimama chini ya paa lililoinuliwa, akamtazama mpaka magari ya nyuma yakaanza kupiga honi.

"Kumbe mchana ana macho ya mtu aliyechoka," akasema, akakaa.

Njiani tulinunua ndizi nyekundu Mto wa Mbu kwa bei ya wageni, maana tulikuwa ndani ya gari la wageni. Moshi tukafika usiku. Kabla hajavua viatu mama alimpigia mjomba Rombo. Nilimsikia mjomba akiuliza kwa hamu kama tumeona simba.

"Tumemwona. Mahindi mmeshavuna?"

Mjomba akasema bado wiki mbili, na kwamba juzi tembo wamepita shamba la jirani.

Mama alinyamaza kidogo. Kisha akamuuliza lile debe kubwa la baba yao liko wapi siku hizi.