Balungi la Futari

Ramadhani ile baba alianza kulalamika mapaja. Akirudi tarawehe hukaa kwa kushika kiti, na kuinuka mpaka apewe mkono. Sisi tulisema ni umri. Mama akakataa: "Baba yenu kasali tarawehe miaka yote, mbona hakuwa hivi?"

Nyuma ya jiko letu, Tanga, kuna mbalungi, na mwaka ule ulizaa hadi matawi yakaegemea ukuta. Mama alikamua kila jioni, bila sukari, akamwekea jagi karibu. Baba anafungua kwa tende, anashushia bilauri mbili za balungi, na kabla ya kulala anameza simvastatini ya miligramu 40, dawa yake ya kushusha lehemu.

Nilimpeleka duka la dawa kutafuta dawa ya kuchua. Mfamasia, dada mmoja mpole, hakuitoa. Aliomba kwanza kuona dawa zote anazotumia, kisha akauliza: "Mzee wangu, futari unashushia nini?" Aliposikia balungi akaweka kalamu chini. "Na mkojo? Haujawa na rangi ya chai ya mkandaa?" Haukuwa. Akashusha pumzi.

Akatueleza kwamba utumbo una kimeng'enya kinachovunja sehemu kubwa ya simvastatini kabla haijafika kwenye damu. Balungi hukizima, dawa ikaingia kwa wingi kupita kiasi, na misuli ndiyo inayoumia. Ikibomoka sana, mabaki yake huharibu figo. Baba akauliza kama anywe balungi wakati wa daku, mbali na kidonge.

"Hapana, mzee. Kilichozimwa leo, kesho bado hakijarudi sawasawa."

Hospitali walipima damu: dalili ya misuli kuumia ilikuwepo, figo zilikuwa nzima. Simvastatini ikasimamishwa, na maumivu yalipokwisha akaanzishiwa rosuvastatini, ambayo haitegemei kimeng'enya hicho.

Nilisoma baadaye kwamba huko Kanada David Bailey na wenzake walitumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe katika jaribio la felodipini, dawa ya presha, wakakuta dawa imepanda mno kwenye damu. Walichapisha matokeo zaidi mwaka 1991. Inaniuma kwamba mpaka siku ile hakuna aliyewahi kumuuliza baba anakunywa nini.

Mama alimpigia dada yake Muheza usiku uleule, maana shemeji yake alikuwa akimeza kidonge hichohicho. "Machungwa ale. Balungi na danzi, aache mpaka amuone daktari. Hebu mpe simu nimwambie mwenyewe."