Nilivyoiandika sikoseli kwenye maombi ya kusoma sheria Marekani

Sikuwa na wajibu wa kuutaja ugonjwa wangu. Hilo nilihakikisha kabla sijaandika hata mstari. Marekani kuna sheria ya mwaka 1973 inayowalinda watu wenye ulemavu, na kanuni zilizotungwa chini ya kifungu chake cha 504 zinavikataza vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu kumuuliza mwombaji kama ana ulemavu kabla ya kumpa nafasi. Ukisema, umesema kwa hiari yako. Shida yangu ilikuwa matokeo ya chuo: alama nzuri tangu mwaka wa kwanza, halafu katikati muhula mmoja umeporomoka kabisa. Msomaji yeyote angesimama hapo, na nikinyamaza angejaza mwenyewe sababu anayoitaka.

Muhula ule niliumaliza kwa kuingia na kutoka wodini hospitali ya KCMC, Moshi. Nina sikoseli, au selimundu, ugonjwa wa kurithi wa chembe nyekundu za damu, tangu kuzaliwa, na baridi ya Moshi ya mwezi wa sita na wa saba hainihurumii.

Shule nyingi za sheria za kule, mbali na insha kuu, zinakubali karatasi fupi ya nyongeza ya kufafanua jambo kama hilo. Mambo ya alama nikayapeleka yote huko, kwa lugha kavu ya kiapo cha mahakamani: naishi na selimundu, muhula fulani nililazwa mara kwa mara, daktari alinianzishia dawa ya haidroksiyurea, mihula iliyofuata alama zilirudi zilipokuwa. Nikaambatisha barua ya kliniki. Haikufika nusu ukurasa. Hakuna "kwa bahati mbaya", hakuna "naomba mnielewe".

Insha kuu ndiyo iliyonitesa. Ushauri unaozunguka vijiweni kwetu ni kwamba Wazungu wanapenda habari za mateso, kwa hiyo mwaga machozi. Mimi nauona ushauri huo ni wa hatari. Anayesoma insha yako anajiuliza kama utaweza kusoma kesi usiku kucha na kusimama darasani kesho yake ukajibu. Ukimpa kurasa mbili za maumivu na damu ya kuongezewa, umemkabidhi mgonjwa, naye alikuwa anatafuta mwanasheria.

Nilianza na mteja. Nilikuwa nafanya kazi ofisi ya mawakili hapa Arusha, akaja mama mmoja aliyekuwa kibarua wa kufungasha maua upande wa Usa River (mambo mengine yake nimeyabadilisha). Ameachishwa kazi kwa utoro. Akafungua pindo la khanga, akatoa cheti cha daktari kilichokunjwa hadi kikawa kama tembe, akakinyoosha juu ya meza kwa kiganja. Alikuwa amelazwa. Siku 30 za kupeleka lalamiko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi zilikuwa zinaishia, ikabidi tukimbizane na fomu jioni ile ile.

Kutoka kwake nikaingia kwenye sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: 63 za mwanzo kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Kwa aliyevunjika mguu zinatosha na kubaki. Kwa mwenye ugonjwa usiopona zinaweza kwisha mzunguko ukiwa bado mbichi, na baada ya hapo anabaki mikononi mwa huruma ya mwajiri. Hilo ndilo nililotaka kwenda kulisoma. Katikati nikaweka sentensi tatu tu zinazonihusu, ambazo kwa Kiswahili ni hivi: "Nina selimundu. Naijua hesabu hii kwa sababu kila mwaka naipiga kwa mwili wangu. Sijaajiriwa bado mahali ambapo siku hizo zingenitosha."

Nilidhani kazi imeisha, kumbe bado mama yangu. Nilimsomea rasimu jikoni, Moshi, akipembua mchele, akauweka ungo chini.

"Mwanangu, hilo unaloliandika si lako peke yako. Ni langu na la baba yako. Na wadogo zako bado hawajaolewa."

Ana haki. Kuugua sikoseli sharti urithi kinasaba kutoka kwa baba na kwa mama, kwa hiyo nikijitaja mimi nimewataja na wao hata nisipoandika majina. Nilimweleza ni nani watakaoisoma na kwamba haitabandikwa popote. Akaruhusu, ila kwa sharti: wadogo zangu wasiguswe. Kulikuwa na aya nzima kuhusu mmoja wao kwenda kupimwa, aya niliyoipenda. Nikaifuta.

Mwalimu wangu wa chuo aliyekubali kuniandikia barua ya mapendekezo alijua yote, na nilijua moyo wake ungempeleka kwenye "licha ya maradhi yake". Nikampigia. "Shikamoo Mwalimu. Nakuomba kitu kimoja: uandike tu kuhusu ile tasnifu yangu na mashindano ya mahakama ya mfano. Ugonjwa nimeueleza mwenyewe." Akacheka, akasema nimempunguzia ukurasa.

Shule za majimbo ya kaskazini, yenye theluji miezi kadhaa, nilizifuta zote, hata zenye majina makubwa. Baridi huamsha maumivu, na sikuona sababu ya kushindana nayo.

Barua ya udahili ilipokuja ndipo nikaiandikia ofisi ya chuo inayohudumia wanafunzi wenye ulemavu, ambayo ni tofauti na ya udahili. Huko sikubana maneno. Niliomba chupa ya maji na ruhusa ya kutoka wakati wa mtihani, na mtihani usogezwe nikilazwa. Mawili ya kwanza walikubali bila maneno. La tatu walisema litaamuliwa kila linapotokea, nami nikawajibu waniandikie kwa maandishi ni nani atakayeamua na kwa muda gani.