Mawese yaliyotoka meusi

"Haya si mawese, mzee," aliniambia yule mama wa Ujiji, picha kaishika kwa ncha za vidole asije akaipaka mafuta. "Hii ni oili chafu ya gari. Unataka wateja wanikimbie?"

Hakukosea. Chupa zake zilizopangwa mezani, nyekundu za kung'aa siku ile nilipompiga picha, kwenye karatasi zilikuwa nyeusi tii. Na uso wake nao ulikuwa umezidi weusi kuliko alivyoumbwa, ila hilo hakulisema kwanza. Biashara mbele.

Kosa ni la filamu, na filamu ina historia yake. Kwa miaka 31 nilikuwa napiga watu picha bila kushughulika na sura zao: vifua, nyonga, miguu iliyovunjikia kwenye bodaboda. Mimi ni mtu wa eksirei. Kazini tulipohamia kwenye kompyuta, chumba cha giza kikageuka stoo ya viti vibovu, na maboksi ya filamu zilizopita muda yakawekwa kando yakatupwe. Niliyaomba kwa barua, nikapewa. Nilipostaafu nilikuwa na filamu nyingi na sina kamera ya kuzila.

Kamera ilitengenezwa Mwanga, hapa hapa Kigoma. Nilimchorea seremala kwenye kipande cha katoni: boksi la mninga, mbele ubao wa kushika lenzi, nyuma kioo, katikati mfuko mweusi wa mikunjo mikunjo kama mvukuto wa mhunzi. Kioo cha nyuma lazima kiwe na ukungu ili taswira ikae juu yake, kwa hiyo nikaenda gereji kuomba ile pesti ya kusagia valvu, nikasaga kioo cha dirisha kwa jioni mbili hadi mabega yakauma. Nilichonunua hasa ni lenzi ya milimita 150 na holda tatu, yaani vibebeo bapa vya kuwekea filamu za inchi 4 kwa 5, vyote mtumba, mpwa wangu akanitafutia Dar es Salaam. Bei siitaji. Mke wangu anasoma hapa.

Holda moja hubeba shiti mbili, upande na upande. Maana yake nikitoka nyumbani nina picha sita, basi. Filamu ya sentimita 24 kwa 30 naikata vipande vinne chini ya taa nyekundu, kwani rangi nyekundu filamu hii haiioni kabisa. Ndiyo raha yake: unaisafisha ukiwa unaiangalia, taswira inapanda taratibu kwenye trei kama zamani kazini. Ina dawa ya kunasa mwanga pande zote mbili na inachubuka kama ndizi mbivu, hivyo nimetandika kioo chini ya trei. Halafu kuna joto. Developa, dawa ya kuitoa taswira, inataka nyuzi 20, na maji ya bomba ya Kigoma hayajawahi kuzisikia nyuzi 20. Nanunua barafu za mfuko kwa jirani, anadhani nina wajukuu wengi.

Nilianza na stesheni ya reli, kwa sababu haitembei. Reli ya Wajerumani ilifika hapa 1914, na jengo lile limesimama mwisho wa njia likitazama mji. Nilipewa ruhusa, nikatega kamera alfajiri kabla ya abiria, nikajifunika shuka jeusi. Ndani ya shuka stesheni iko juu chini, kushoto imekuwa kulia, na fundi wa usafi anafagia darini. Ukielekeza simu juu ili upate paa, kuta zinaegemeana kama walevi. Hapa kamera unaiacha wima, unainua lenzi peke yake kwenye ubao wake, paa linaingia na kuta zinabaki zimenyooka. Mara ya kwanza kuliona hilo nilicheka peke yangu humo ndani. Mlinzi akauliza, "Mzee, uko salama?"

Picha ile haikutoka. Nilichomoa kibao cha holda, kile kinachoikinga filamu na mwanga, wakati lenzi bado iko wazi. Ya pili nayo niliipiga juu ya shiti iliyokwisha kupigwa. Kibao kina upande mweupe na upande mweusi ili ujue ipi imetumika, na mimi niligeuza vibaya. Ya tatu ndiyo iliyo ukutani.

Sasa, nyekundu isiyoonwa na filamu hutoka nyeusi, lakini jengo halilalamiki rangi. Udongo wetu mwekundu ukitoka mweusi na anga la buluu likitoka jeupe, nani atasema? Mama wa mawese ndiye aliyesema.

Nikaagiza boksi la filamu inayoona rangi zote, FP4 ya Ilford, shiti 25. Nikarudi Ujiji, nikampanga kivulini, tundu la lenzi nikalibana hadi f/22, sekunde nzima, nikamwambia asipumue. Wateja wawili nao wakaacha kupumua. Nikapiga shiti mbili.

Kuisafisha ndiko kulikonishinda karibu. Filamu hii haitaki hata taa nyekundu. Miaka yote ile sijawahi kusafisha kitu nisichokiona, na hata upande wa dawa unaujua kwa kupapasa tu: vikato vidogo viwe kona ya juu kulia, hapo dawa inakutazama. Nilijifungia bafuni, blanketi dirishani, dakika 8 na nusu nikitikisa trei kwenye giza la kaburi, mke wangu mlangoni na saa akiita kila dakika. Kwenye ya sita aliita, "Sita! Na wali niepue?"

Ilitoka. Niliiweka juu ya lile sanduku la taa la kusomea eksirei, nililolinunua mnadani, nikaipiga kwa simu, nikageuza weusi ukawa weupe na weupe weusi, nikachapisha.

Mama aliitazama muda mrefu. "Sura hii ni yangu," akasema. Akasogeza kidole kwenye chupa, ambazo sasa zilikuwa za kijivu chepesi. "Lakini mawese umeyafanya uji."

Ile ya kwanza hakunirudishia. Niliikuta mezani imegeuzwa, nyuma yake kaandika wanaodaiwa.

Nimebaki na shiti 23.