Kuta za Mtaa wa India, Bagamoyo

Marehemu babu alikuwa fundi wa chokaa, kwa hiyo mimi nikifika kwenye nyumba ya kale macho yangu huanzia ukutani. Jumamosi nilikuwa Bagamoyo tangu saa mbili asubuhi, kabla jua halijawa kali.

Boma la Wajerumani nilipita haraka. Ni jengo kubwa lenye matao, la miaka ya 1890, na lilijengwa wakati makao makuu ya koloni yalishahamia Dar es Salaam tangu mwaka 1891. Jengo la kutisha watu, ndivyo ninavyoliona. Moyo wangu uko Mtaa wa India, kwenye nyumba za wafanyabiashara: chini duka, juu familia, mbele baraza.

Nyumba moja lipu imebanduka kipande cha ukubwa wa sinia, nikasogea. Ndani kuna mawe ya matumbawe, na kwenye jiwe moja bado unaona vile vitundu kama nyota. Juu, boriti za mikoko zimejipanga. Boriti ndiyo iliyokuwa ikipanga chumba: boriti ya mkoko kwa kawaida haivuki sana mita tatu, ndiyo maana vyumba hivi ni virefu na vyembamba.

Mzee aliyekuwa amekaa barazani aliniona nikipapasa. Nikamwamkia shikamoo.

“Marahaba, mwanangu. Unatafuta nini humo?”

“Naangalia chokaa, mzee.”

“Chokaa imebaki hapo tu. Kule walitia saruji.”

Nikaenda upande wa pili. Saruji bado ngumu, lakini ukiigonga kwa kidole inalia kama mtungi mtupu. Babu alikuwa akisema ukuta wa tumbawe lazima upumue. Jiwe linanyonya unyevu na kuuachia, chokaa vilevile. Saruji haiachii. Maji na chumvi vikikosa pa kutokea hujikusanya nyuma yake, jiwe likalika taratibu mpaka likawa unga. Niliuchota ule unga kiganjani, mweupe, laini kama wa muhogo. Iliniuma sana, maana aliyepaka saruji ile bila shaka alidhani anaiokoa nyumba.

Nimeomba ruhusa ya kurudi kupiga picha kila ukuta wa nyumba ile, ndani na nje, kabla ya masika. Mzee amekubali, ila ameniambia nije na ngazi yangu.