Ufuta Motoni, Ufuta Mtoni

Bibi mwenye nyumba alinitilia ufuta kiganjani, akaongeza kipande cha sukari guru na karanga chache, kisha akanisukuma mgongoni: nenda. Ilikuwa jioni ya Januari 13, kwenye uchochoro mmoja wa Delhi, na Wapunjabi walikuwa wamewasha moto wa Lohri, sikukuu yao ya majira ya baridi, katikati ya njia, pikipiki zote zimesogezwa ukutani. Nikauzunguka kama wenzangu, nikatupa. Ufuta ukalia motoni ta-ta-ta, vilevile unavyolia kwenye kikaango cha mama, Lindi, kabla hajamimina sukari ya kashata.

Nimekua nikipalilia ufuta, lakini sikuwahi kuuona ukipewa moto kama sadaka.

Usiku ule wanaotamba ni wenye bibi harusi mpya au mtoto mchanga. Wa jirani, wa miezi minne, alifunikwa shali hadi puani, akapokezanwa mkono kwa mkono kuuzunguka moto. Watoto wakubwa waliimba habari za Dulla Bhatti, mwasi wa Punjab zama za mfalme Akbar, anayesifiwa kwa kuwaokoa mabinti na kuwaoza kwa heshima. Bibi mwenyewe tunamwita Dadi, yaani nyanya mzaa baba. "Dada" kwao ni babu. Siku niliyomwita hivyo mjukuu wake wa kike, nyumba nzima ilicheka hadi ikakohoa.

"Kesho jua linaingia Makara," Dadi aliniambia. "Moto umeshauota. Na maji je?"

Makara ndiyo buruji ambayo wanajimu wetu huiita Jadi. Kwa Wahindu, siku hiyo ya Makar Sankranti jua hugeuza safari kurudi kaskazini, na kuoga mtoni ni jambo kubwa. Nilikuwa na tiketi ya usiku ya kwenda Prayagraj, mji ulioitwa Allahabad hadi 2018, pale Mto Ganga unapokutana na Yamuna.

Ukungu ukatuweza. Treni ya kufika alfajiri ilifika saa saba mchana, baada ya kusimama porini mpaka wauza chai wakaishiwa maziwa.

Kutoka stesheni ni kutembea tu, unabebwa na watu. Mchangani umesimama mji mzima wa mahema kwa ajili ya Magh Mela, mkusanyiko wa kila mwaka (ule wa Kumbh, mkubwa zaidi, huja kila baada ya miaka 12). Madaraja yanaelea juu ya mapipa makubwa ya chuma. Makuhani wa hapo husimamisha bendera ndefu, kila mmoja na alama yake, ili mahujaji wake wamjue kwa mbali. Mojawapo ilikuwa na samaki. Vipaza sauti havikunyamaza: fulani wa kijiji fulani, mumeo anakusubiri hapa. Akina mama wengine walikuwa wamefungana ncha za sari, na niliwaelewa.

Ngome iliyo kando ya maji ilianzishwa na Akbar yuleyule, mwaka 1583. Chini yake Yamuna unakuja wa kijani, Ganga una rangi ya udongo, na shakwe waliokimbia baridi ya Siberia wanagombea makombo. Mto wa tatu, Saraswati, wanasema upo ila hauonekani.

Mimi ni Mwislamu. Niliazimia kulowesha miguu tu. Mzee mmoja aliyekuwa akijisugua ufuta mabegani aliniona nimekunja suruali, akaniuliza natoka wapi, akanitilia chembe kiganjani. Nilipogeuka kumshukuru nikateleza kwenye viroba vya mchanga, nikazama mzima mzima. Baridi ile hukata pumzi. Nilipoibuka mzee alikuwa ameinua kidole: "Moja! Bado mbili."

Basi nikamalizia. Ningefanyaje, na nguo zimeshalowa?

Baadaye walinipa khichdi ya moto bure, mchele na dengu vilivyochemshwa pamoja, kwenye bakuli la majani makavu. Huku siku yenyewe wengi huiita Khichdi. Nilikula nikitetemeka, nimejifunika blanketi la mzee, kisha nikampigia mama. Nikamsimulia yote: moto, mto, ufuta huku na huku. Akasikiliza kimya hadi mwisho.

"Na huko," akauliza, "kilo wanauza bei gani?"